Muziki wa Kwenye Ngazi

"Huyo mwanamke, muziki hausikii?"

Bibi ndiye aliyeuliza, na aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbishi wa nyumba. Mtoto anayeuliza kila kitu hudhaniwa kuwa ana majibu pia, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mbele katika chumba cha video cha baba mdogo, mjini Muyinga, mwezi wa Ramadhani, futari ikiwa bado mbali na matumbo yakiwa yameanza kunung'unika. Kwenye televisheni mwanamke wa Kizungu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa nyumba yake. Mwanamume mwenye koti refu alikuwa anapanda ngazi. Na chumba kizima kilikuwa kinatetemeka kwa muziki: tu-tu-tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu-tu-tu, kimya.

"Mi niko hapa Muyinga na ninausikia," bibi aliendelea. "Yeye iko ndani ya nyumba ileile. Iko kiziwi?"

"Bibi, shii!"

"Usinishii, mke mwenza," alisema, kwa utani wake wa bibi kwa mjukuu. "Nijibu."

Nilimwambia asubiri filamu iishe, akasubiri, ikaisha, na jibu bado sikuwa nalo. Mwaka uliofuata aliuliza tena, mahali palepale, kwa sauti ileile. Filamu ile tuliiona kila Ramadhani, na kila Ramadhani bibi alidai jibu lake.

Jina halisi la filamu hiyo lilikuwa refu na la Kiingereza. Sisi tuliiita Koti. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, na baba mdogo aliichagua kwa sababu ambazo hazikuhusiana na sanaa. Mwezi mtukufu ukiingia, alizifungia kabatini filamu zote zenye watu wa kubusiana, na baada ya kazi hiyo kabati lilijaa na meza ikabaki karibu tupu. Koti ilibaki. Hadithi yake inatokea wakati wa baridi kali, kwa hiyo kila mtu amefunga vifungo mpaka shingoni. Wanawake wamevaa glavu na kofia. Hata mwizi amevaa tai. Imamu mwenyewe aliwahi kupita mlangoni, akatazama kidogo, akasema hao watu wamejisitiri kuliko baadhi ya watu wa mtaa wetu, akaenda zake.

Kazi ya filamu ilikuwa kusahaulisha njaa. Ilianza baada ya sala ya alasiri na kuisha karibu na magharibi, na ilifanya kazi hiyo vizuri. Mwanamke wa filamu ni mfuaji katika hoteli. Siku moja anapiga pasi koti la mgeni, anatia mkono mfukoni, anakuta ufunguo. Anautazama. Ni ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Basi, hapo nani atakumbuka uji?

Baba mdogo ndiye aliyetutafsiria. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akasema maneno ya watu wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili cha Muyinga. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na ujasiri wake mwingi. Polisi wa filamu angeongea mpaka apungukiwe pumzi, na baba mdogo angesema, "Anasema oya, haiwezekani." Mfuaji angesema neno moja tu, naye angetafsiri kwa kirefu: "Anasema, yebabawe, tangu mume wangu afe, mi nimeteseka, sasa na ufunguo tena, bon, nitafanya nini?" Habari za mume aliyekufa hazikuwa ndani ya filamu. Niligundua hilo nilipojifunza Kiingereza, na nilipomuuliza akaniambia, "We umemuona huyo mume? Hujamuona. Donc amekufa."

Vyombo vyake vilikuwa na ulemavu wao. Spika kubwa ilikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo lilikuwa la maikrofoni. Sauti ya filamu yenyewe ilibaki kwenye spika ya televisheni, iliyokufa nusu, ikilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Kwa hiyo baba mdogo akiongea tulimsikia yeye tu, hata radi isingepenya, na akinyamaza hatukusikia kitu. Isipokuwa kwenye ngazi. Kwenye ngazi hakuna anayeongea, baba mdogo alishusha maikrofoni, na ndipo muziki ulipokuja, mzito, wa haraka, ukitokea nyuma yetu, kwenye ukuta wa bati uliotenganisha chumba na stoo. Mwanamume akipanda, unapiga. Akisimama kusikiliza, unasimama naye. Mgongo wangu uliusikia kabla ya masikio.

"Baba mdogo, mbona televisheni iko mbele na muziki uko nyuma?"

"Hiyo inaitwa stereo."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Stereo.

"Mbona stereo inakuja kwenye ngazi tu?"

"Kwa sababu iko ghali," alisema. "Wameiweka pale penye kazi."

Niseme ukweli, jibu hilo lilinitosheleza kwa miaka mingi.

Mtu pekee wa nyumba ile ambaye hakuwahi kukaa nasi kutazama Koti alikuwa mama mdogo, mke wake. Alikuwa fundi wa nguo, fundi hasa, na kama mafundi wote wa mji wetu alipokea kazi za Idi bila kukataa mtu. Siku za kawaida alishona barazani, mbele ya barabara, cherehani yake ya miguu ikisikika mpaka kwa muuza mkaa. Lakini Ramadhani ikiingia, wateja walianza kuja alasiri kuulizia nguo zao, na kila alasiri walikuta baraza tupu.

"Kaenda Gashoho, sokoni, kutafuta vitambaa," baba mdogo aliwaambia, bila kuondoa macho kwenye televisheni.

"Jana alienda Gashoho!"

"Na leo kaenda tena. Nguo yako si inahitaji uzi?"

Kwa namna nisiyoielewa, usiku wa kuamkia Idi nguo zote zilikuwa tayari, zimekunjwa, zimepigwa pasi. Mama mdogo alikuwa na mkono ulionyooka kuliko rula. Ila kila mwaka nguo mbili tatu, na mara nyingi yangu ikiwemo, zilikuwa na mshono mmoja ubavuni uliopinda ghafla, kama nyoka aliyeshtuka, kisha ukanyooka tena. Bibi alisema ni njaa. Mama mdogo aliupiga pasi tena.

Nilipokwenda chuo, Gitega, nilienda na swali la bibi na muziki wa Koti kichwani. Nilikuwa nimeanza kutoamini mambo mengi: matangazo, methali, walimu wanaosema "kama tunavyojua sote". Katika somo moja tuliambiwa tuandike juu ya kazi ya sanaa tunayoijua vizuri. Wenzangu waliandika juu ya ngoma na vikapu. Mimi niliandika juu ya muziki wa Koti. Nilimsifu mtunzi wake, ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada kwa herufi ndogo, kwa kukataa fidla na vinanda na kila kitu laini, na kuchagua mlio mmoja mkavu, kama moyo wa mtu aliyejificha. Nilisema mtu huyo alitangulia wakati wake. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Très original," yaani ya kipekee sana. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Huko chuo nikasoma pia kwamba muziki wa filamu ni wa mtazamaji. Watu walio ndani ya hadithi hawausikii. Likizo ilipofika nilimkimbilia bibi na jibu lake, baada ya miaka yote ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini bakuli la maharage aliyokuwa anachambua.

"Donc sisi tuliokaa kwenye benchi tunaambiwa hatari inakuja."

"Ndiyo."

"Na mwenye hatari haambiwi."

"Ndiyo, bibi."

"Na hiyo mnaenda kuisoma Gitega." Akarudi kwenye maharage yake. "Mke mwenza, hilo si jibu. Hiyo ni njama."

Likizo hiyohiyo ndipo nilipokuta chumba cha video kinakufa. Vijana walikuwa na simu, na filamu zilikuwa ndani ya simu. Kwenye mabenchi walibaki bibi, wazee wawili waliokuja kusinzia, na paka. Baba mkubwa, ambaye nyumba ni yake, alikuwa mvumilivu, lakini alikuwa pia mfanyabiashara. Alitaka chumba kwa ajili ya kuhifadhi maharage, na alikuwa tayari amempatia mdogo wake kazi: meza ya ndagala sokoni.

Sidhani kama msomaji anaelewa uzito wa jambo hili. Ndagala ni samaki wadogo wazuri sana wakiwa kwenye sahani. Lakini baba mdogo alikuwa mtu aliyewahi kuwa polisi, mjane, jambazi na hakimu katika alasiri moja, na harufu ya samaki mkavu ilimfanya atapike tangu utotoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, maikrofoni mapajani, kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa.

"We profesa," aliniambia. "Huko Gitega watu hawatazami filamu?"

Nikaenda kutafuta. Nilimpata mwenye ukumbi mmoja wa harusi ambao Jumapili mchana ulikaa bure. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Itaba; yeye alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, akarudi mtu mzima na Kiswahili kilichonyooka na tabia ya kutaka kila kitu kiwe wazi. Baba mdogo alipofika kumuona, alimsikiliza kwa adabu kisha akasema:

"Ndugu yangu, mimi sikatai. Tufanye Jumapili moja ya majaribio. Watu wakitoka hapa wameridhika, Jumapili zote ni zako. Wakisinzia, tunaagana kwa amani na hakuna wa kumlaumu mwenzake."

"Hawatasinzia," nilisema mimi. "Filamu hii ina muziki ambao hawatausahau."

Nililiandika hilo hata kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, nikalibandika mlangoni: FILAMU YA KUTISHA YA ZAMANI. MUZIKI WAKE HUTAUSAHAU. Nilitafuta nakala safi, isiyo na mikwaruzo. Ukumbi ulikuwa na spika mbili kubwa za harusi na mashine yenye matundu mengi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza filamu na baba mdogo wangeweza kusikika pamoja. Nilikaa kwenye mashine mwenyewe. Bibi alikuja kutoka Muyinga na kitenge kipya. Mama mdogo alibaki. Alisema lazima mtu mmoja abaki na kazi.

Ukumbi ulijaa. Walikuja wanafunzi, walikuja watu wa mtaani, walikuja wakulima wa Ryansoro waliokuwa mjini kwa harusi ya jana yake na hawakuwa na haraka ya kurudi. Mama mmoja kati yao alikuwa na kuku wa kupewa, amemweka mapajani.

Filamu ilipoanza, fidla zikaanza pia. Fidla nyingi, tamu, laini, kama sukari inayomwagwa. Baba mdogo akageuka, akafunika maikrofoni kwa kiganja.

"Hii fidla imetoka wapi?"

"Ndiyo sauti safi, baba mdogo."

"Mi siijui."

"Ni kwa sababu ya ile spika yetu. Endelea."

Fidla ziliendelea kila mahali. Mfuaji anapiga pasi: fidla. Anakula supu: fidla. Bibi aliuliza kwa sauti kama hao watu wanaoana. Lakini baba mdogo alikuwa na siku yake. Alimuua mume wa mfuaji mapema na kwa ufasaha, na ufunguo ulipotoka mfukoni mwa koti ukumbi ulivuta pumzi pamoja. Nilimuona mwenye ukumbi akitabasamu.

Kisha ngazi. Baba mdogo alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya Muyinga.

"Sasa, ndugu zangu," alisema. "Sikilizeni muziki."

Akainua mkono juu, akashusha maikrofoni.

Fidla zikakoma. Mwanamume akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Na hakukuwa na kitu. Ubao ulilia kidogo chini ya kiatu. Nilizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, nikapata mvumo mtupu, kama mvua ya mbali. Akapanda ngazi ya pili. Hakuna. Mkono wa baba mdogo ulikuwa bado juu.

"Oya, muziki uko wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Umepanda basi!"

"Uko njiani, unatoka Muyinga!"

Kicheko kikapita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi. "Nani kaandika tangazo?" mwingine akauliza, na mimi nikainama chini ya meza kukagua waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Nilipoinuka, mwenye ukumbi hakuwa anatabasamu tena. Nikamtazama baba mdogo. Pua yake ilikuwa imekunjamana. Naapa alikuwa anasikia harufu ya ndagala.

Nyuma yake kulikuwa na mlango mkubwa wa bati, ule wanaopitishia viti na mabeseni ya harusi. Sijui alifikiri nini; nadhani hakufikiri. Alirudi hatua moja, akausogeza mgongo wake kwenye mlango, akaweka maikrofoni karibu, na kwa vidole vya mkono ule uliokuwa juu akaanza kulipiga bati: tu-tu-tu-tu-tu.

Mwanamume akasimama. Baba mdogo akasimamisha vidole.

Tu-tu-tu-tu-tu.

Spika za harusi zilichukua bati lile na kulitupa kwenye kila mfupa wa ukumbi. Aliyekuwa anacheka alikatika katikati. Baba mdogo alikuwa anautazama mguu wa yule mwanamume kama fundi anavyotazama sindano. Unapogusa ngazi, naye yumo, unaponyanyuka, naye kimya. Ulikuwa muziki wetu, ule ule, ila ulikuwa umetokea Gitega. Mfuaji nyuma ya mlango akafunga macho. Mkono wa glavu ukagusa kitasa. Mama wa Ryansoro akamkumbatia kuku wake kwa nguvu zote, na kuku akapiga ukelele ambao hakuna mtunzi duniani angethubutu kuutunga.

Ukumbi wote ulipiga kelele. Benchi moja lilianguka na watu wake. Bibi alikuwa amesimama, kitenge kimeteleza begani, akimnyooshea kidole mfuaji: "Kimbia, mwanangu! Bado hasikii! Hata kuku imesikia!"

Filamu ilipoisha, watu walibaki kwenye viti wakitaka kuona tena zile ngazi. Mwenye ukumbi alimpa baba mdogo mkono.

"Jumapili zote ni zako, ndugu yangu. Ila kwa sharti. Muziki uwe huohuo, na mlango huohuo."

"Na kuku?"

"Kuku tutaona."

Ndivyo baba mdogo alivyohamia Gitega siku za Jumapili na kuepuka ndagala. Chumba cha Muyinga kikaingia maharage, na hakuna aliyelia isipokuwa paka.

Mimi ndiye niliyebaki bila amani. "Wameiba stereo," baba mdogo alisema, na kwake kesi ilifungwa. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nilitafuta nakala nyingine ya Koti, na nyingine tena, na zote zilikuwa kimya kwenye ngazi. Mwanafunzi mwenzangu alithubutu kusema labda ndivyo ilivyotengenezwa. Nilimcheka. Nikamweleza kwamba wauzaji hupunguza sauti ili kubana nafasi, kwamba yule mtunzi pengine aligombana na kampuni, kwamba kuna nakala ya asili mahali fulani na moja ilifika Muyinga kwa bahati. Mtu aliyesoma hakosi nadharia. Kila kitu nilikitilia shaka, isipokuwa masikio yangu ya utotoni.

Miaka ilipita. Ramadhani hii nilienda Muyinga kuchukua nguo yangu ya Idi. Barazani palikuwa na wanawake watatu wamekasirika, na bibi alikuwa mlangoni akiwajibu mmoja mmoja.

"Kaenda Gashoho."

Nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kigoda nikae kumsubiri. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nani?" sauti ikanong'ona.

"Ni mimi."

"Iko peke yako?"

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukanivuta ndani, komeo likarudi. Mama mdogo alikuwa amekaa katikati ya magunia, mkasi mapajani, cherehani yake ya zamani imesukumwa mpaka miguu yake ya chuma imeegemea ukuta wa bati wa kile chumba cha video. Usawa wa jicho lake kulikuwa na tundu la msumari.

"Funga mdomo na ukae," alisema. "Nguo yako bado ubavu mmoja."

Nikakaa. Joto lilikuwa kali na njaa pia. Ili tupitishe muda nilitoa simu, nikazima sauti wateja wasisikie, nikaweka Koti, nikaiegemeza kwenye mkebe wa uzi.

"Aa, mwenye koti!" mama mdogo akanong'ona, kama mtu aliyekutana na jirani. "Bado anahangaika na ile ngazi?"

"Wewe umemuonea wapi?"

Alinyoosha mdomo kuelekea lile tundu la msumari, na kuingiza kitambaa changu chini ya sindano.

Mwanamume alifika. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Macho ya mama mdogo yalikuwa kwenye simu, na mguu wake, kwa kusahau wateja, ukashuka juu ya kanyagio. Tu-tu-tu-tu-tu, ukuta mzima ukatetemeka. Mwanamume akasimama, mguu wa mama mdogo ukasimama. Tu-tu-tu-tu-tu. Chini ya sindano, ubavu wa nguo yangu ulipinda kama nyoka aliyeshtuka.

Nilimsubiri mfuaji atoke salama.

"Mama mdogo. Ule muziki wa kwenye ngazi, wewe ulikuwa unausikia huku?"

"Muziki gani?" alisema. "Filamu hii haina muziki. Mi nilishangaa mlivyokuwa mnapiga kelele."

"Na Gashoho?"

Akakata uzi kwa mkasi, akaitazama ile kona iliyopinda, akaona itapita.

"Mi Gashoho sijawahi kufika."